Wale 19 Ambao Dawa Haikuwasaidia

Jedwali lenyewe ni fupi, unalimaliza kabla chai haijapoa. Lina wagonjwa 90 wa chunjua waliotibiwa katika kliniki ya ngozi mjini Mashhad, Iran, kwa sindano ya kuamsha kinga ya mwili. Kila mgonjwa ana mstari wake: jinsia, umri, muda tangu chunjua zianze, idadi yake, aina yake, ukubwa wa eneo lililoathirika, na upana wa uvimbe uliojitokeza alipofanyiwa kipimo cha awali kwenye ngozi. Safu ya mwisho ina tarakimu moja tu. Ukiona 1, tiba ilifanya kazi. Ukiona 0, haikufanya.

Watafiti wa Iran walilitoa mwaka 2017 pamoja na jingine la wagonjwa 90 ambao chunjua zao ziligandishwa kwa baridi kali. Shabaha yao ilikuwa njema: mgonjwa akiingia leo, kompyuta imsaidie daktari kukisia ni tiba ipi kati ya hizo mbili itakayomfaa, asije akapoteza miezi kwenye ile isiyomfaa. Majedwali hayo yako wazi kwa yeyote, na kwa kuwa ni madogo na yamepangwa vizuri, wanafunzi wa mashine zinazojifunza katika nchi nyingi huyafanyia mazoezi. Ndivyo yalivyonifikia mimi hapa Remera.

Aliyenionyesha ni kijana wa Bukavu anayesoma shahada ya uzamili hapa Kigali. Tumepanga ndani ya ua mmoja, upande wa Giporoso. Mimi ni mfamasia, mtu wa Bukoba, na kwa kuwa anajua nashinda nikiuza dawa za ngozi, jioni moja alikuja na kompyuta yake mkononi.

“Mama, mashine ikipatia wagonjwa 79 katika kila 100, utaiamini?”

Nikamwambia ndiyo, tena zipo dawa kwenye rafu zangu ambazo ningefurahi zikifika hapo.

Akanifungulia programu aliyoiandika. Ilikuwa na mstari mmoja. Haikutazama umri, haikuhesabu chunjua, haikuuliza zimeanza lini. Kwa kila mgonjwa ilitoa jibu lile lile: atapona. Na kwa kuwa kati ya wale 90 waliopona walikuwa 71, ilipatia karibu asilimia 79. Kisha akaniambia kwamba kazi nzima ya masomo yake iko kwa wale 19 waliobaki. Anayewajua 71 peke yao hajajua kitu, kwa sababu hao hata asiyejua lolote anawapatia.

Nimeishi na jedwali hilo kichwani tangu jioni ile. Nililala nalo, nikaamka nalo, nikaenda nalo dukani. Mashine isiyomjua mtu hata mmoja ilipata alama ambazo mtoto akizileta nyumbani anapongezwa, na ilizipata kwa kuwafuta watu 19. Kila mmoja kati yao alidungwa sindano, alivumilia, alisubiri, akatazama mkono wake akaona chunjua ziko pale pale. Kwenye alama ya jumla hawaonekani.

Remera wengi wanaijua kwa uwanja wa Amahoro, kwa nyama choma na muziki wa Kisimenti, kwa msongamano wa pikipiki saa za jioni. Lakini hapa hapa ndipo kilipo kituo cha Rwanda cha AIMS, ile Taasisi ya Afrika ya Sayansi za Hisabati iliyoanzia Muizenberg, Afrika Kusini, mwaka 2003. Mwaka 2018 taasisi hiyo ilianzisha Kigali shahada ya uzamili ya akili mnemba iliyoongozwa na Moustapha Cissé, mwanasayansi wa Senegal, kwa msaada wa Google na Facebook. Mei 2023 mkutano mkubwa wa dunia wa fani hiyo, ICLR, ulifanyika katika jiji hili, mara ya kwanza kuja Afrika. Kwa hiyo vijana wanaojadili mambo haya kwenye vibanda vya chai ni majirani zetu. Wanapanga vyumba kwetu, wananunua mkate tunaponunua sisi, na wakipata vipele wanakuja kwangu.

Ahadi ya elimu yao si ndogo. Chukua soriasisi, ugonjwa wa mabaka yenye magamba unaomfuata mtu maisha yote. Zipo sasa dawa za sindano zenye nguvu sana na bei kubwa sana, na si kila mgonjwa anapona kwa ile anayoanza nayo. Mwaka 2019 watafiti wa Uingereza walionyesha kwamba alama moja ya urithi, HLA-C*06:02, inasaidia kukisia: wasio nayo walielekea kufaidika zaidi na adalimumab kuliko ustekinumab. Unachukua damu mara moja, unamwokolea mtu miezi ya kujaribu na kukosa. Ukiongeza umri, uzito, maradhi mengine na picha za mabaka, mashine inaweza kuona mpangilio ambao jicho la daktari mmoja haliwezi kuuona hata akitibu miaka 30. Nalitamani jambo hilo kwa moyo wote. Nimewaona watu waliozunguka na magonjwa ya ngozi kutoka kituo cha afya hadi Kibagabaga hadi hospitali ya rufaa, wakijaza mfuko wa plastiki na tyubu zilizominywa nusu, na kila tyubu ni jaribio lililoshindwa. Laiti mtu angewaambia mapema ni ipi itakayofaa.

Lakini mashine hujifunza kutoka safu ya mwisho. Bila ile 1 na ile 0 haina mwalimu. Na kila nikisimama kaunta nauliza: hapa kwetu safu hiyo nani ameijaza?

Mtoto anarudi kutoka shule ya bweni na upele katikati ya vidole, kiunoni, kwenye makalio. Namwuzia mama yake losheni ya permethrini, au BBE tuliyoizoea Tanzania. Namweleza: watu wote wa nyumba wapake usiku mmoja, tangu shingoni hadi nyayo, hata asiyejikuna, mashuka na nguo zifuliwe kwa maji ya moto au zianikwe vizuri, baada ya wiki moja hivi mrudie. Siku ya tano mama anasimama mbele yangu amekasirika. Mtoto bado anajikuna usiku kucha. Dawa ni feki, anasema. Ukweli ni kwamba wadudu wanaweza kuwa wameshakufa wote na mwasho ukaendelea wiki mbili, tatu, hata nne, kwa sababu ngozi bado inapigana na mabaki yao. Kwenye jedwali la mama huyo dawa imepata 0. Kwenye jedwali la daktari huenda imepata 1. Halafu mtoto anarudi bwenini, analala kwenye godoro la jana karibu na rafiki ambaye hakupakwa chochote, na mwezi ujao upele umerudi kweli. Sasa dawa ilishindwa, au bweni ndilo lililoshindwa? Hakuna safu ya bweni. Mashine ingemtazama mtoto peke yake, umri wake na picha ya vidole vyake, ikaandika kwamba ngozi yake haisikii permethrini.

Au choa. Mtu ana duara linalowasha pajani. Jirani anampa krimu iliyobaki nyumbani, na ndani yake mna klobetasoli, steroidi kali. Siku ya pili mwasho umekwisha, wekundu umefifia, mgonjwa anafurahi. Ukimpigia picha siku hiyo utaandika 1 bila wasiwasi. Lakini steroidi haiui fangasi. Inainyamazisha ngozi tu isilalamike, na chini ya ukimya huo fangasi wanaenea. Baada ya mwezi duara limekuwa bara zima lisilo na mpaka, halifanani tena na choa, hata mganga mzoefu anababaika. Jibu la dawa linategemea siku uliyouliza.

Nimeyaeleza hayo kwa urefu kwa sababu watu wengi, na hasa vijana wenye kompyuta, hudhani ugumu uko kwenye hesabu. Ugumu uko kwenye kuamua nini ni kupona, na nani aamue.

Kuna dada mmoja anayefanya kazi saluni karibu na Kisimenti. Alikuwa na chunusi kubwa za mashavuni, zenye maumivu. Daktari alimwandikia dawa, akazitumia kwa uaminifu, na baada ya miezi mitatu hakuwa na chunusi hata moja mpya. Alikuja kwangu analia. Mashavuni palikuwa na madoa meusi, kila chunusi imeacha lake. “Muganga, sijapona,” aliniambia, kwa jina hilo la heshima ambalo Wanyarwanda hutupa hata sisi wauza dawa. Aliyemtibu alishamfungia faili: ugonjwa umekwisha. Wote wawili walisema kweli. Ngozi nyeusi ikiumwa huacha kumbukumbu, na madoa hayo yanaweza kukaa miezi mingi baada ya ugonjwa kuondoka. Kwa mtu anayejitazama kwenye kioo cha saluni tangu asubuhi hadi jioni, na wateja nao wakimtazama, madoa ndiyo ugonjwa.

Na hapo ndipo mlango wa mkorogo hufunguka. Mtu aliyeambiwa amepona, naye anajiona hajapona, atatafuta kwingine. Mwishoni mwa 2018 serikali ya Rwanda iliendesha msako mkali wa vipodozi vya kuchubua, vyenye haidrokwinoni na zebaki, na ilifanya vizuri. Lakini msako hauwezi kuifikia sababu. Wako watu wengi walioingia kwenye mkorogo wakikimbia doa moja ambalo hakuna aliyekaa nao chini akawaambia litachukua muda gani kufifia. Nilimweleza dada yule juu ya jua na kofia, juu ya mafuta ya kujikinga, juu ya kutokukamua, na juu ya subira ya miezi. Nilimwomba arudi kila akija sokoni. Alirudi.

Siku zote tumekuwa tukikisia nani atapona na nani hatapona, hata kabla ya kompyuta. Mwaka 1975 daktari Thomas Fitzpatrick wa Harvard alikuwa na tatizo hilo hilo. Alikuwa anatibu soriasisi kwa dawa ya psoraleni ikifuatiwa na mwanga wa UVA, na alihitaji kujua kila mgonjwa aanze na kiasi gani cha mwanga asije akaungua. Akawapanga kwa swali jepesi: ukikaa juani, unababuka au unageuka rangi? Ndicho chanzo cha mizani ya aina za ngozi inayotumika duniani hadi leo. Mwanzoni ilikuwa ya watu weupe. Aina ya tano na ya sita, ambamo tumo sisi wengi, ziliongezwa baadaye. Swali lililowafaa wagonjwa wa Boston lilikuwa limekwisha kuulizwa na kujibiwa kabla sisi hatujaingia chumbani.

Mashine zimerithi chumba kile kile. Mwaka 2022 kundi la Roxana Daneshjou wa Stanford lilikusanya picha 656 za wagonjwa 570, weupe kwa weusi, zote zikiwa zimethibitishwa kwa kipimo cha nyama ya ngozi, kisha likazijaribia programu zilizokuwa zikisifiwa. Zilishuka vibaya kwenye ngozi nyeusi. Na jambo lililonigusa zaidi: madaktari wa ngozi waliopewa picha hizo nao walikosea zaidi kwenye ngozi nyeusi. Mwanafunzi alikuwa amejifunza udhaifu wa mwalimu. Habari njema ni kwamba programu zilipofundishwa upya kwa picha zenye rangi zote, pengo lilizibika. Mwaka 2024 zikatolewa picha zaidi ya 4,000, nyingi za watoto, kutoka Guinea, Madagaska, Malawi na Tanzania, zenye pumu ya ngozi, fangasi, upele na vidonda vya bakteria vya juu juu: magonjwa yetu hasa, kwenye ngozi zetu. Niliposoma nilifurahi kama mtu aliyepokea barua ya nyumbani.

Hata hivyo picha hizo zinajibu swali la kwanza tu: huu ni ugonjwa gani? Swali la pili, je, tiba hii itamfaa, halijibiwi na picha moja. Linataka picha mbili, ya leo na ya mwezi ujao, na kati ya picha hizo mbili pawepo mtu aliyeshika kalamu. Wa kuishika kalamu hiyo wapo. Mwaka 1992 Kituo cha Kanda cha Mafunzo ya Magonjwa ya Ngozi kilianzishwa katika hospitali ya KCMC, Moshi, kuwafundisha maofisa tabibu na wauguzi wa nchi nyingi za Afrika kuyatambua na kuyatibu magonjwa ya ngozi, maana madaktari bingwa walikuwa wachache na bado ni wachache. Watu wa namna hiyo, walioko kwenye zahanati na vituo vya afya, ndio wanaoweza kumwona mgonjwa mara ya pili. Bingwa wa mji mkuu mara nyingi humwona mara moja.

Liko jaribio moja lililofanyika Kongo ambalo kila anayetaka kukisia majibu ya dawa anapaswa kulijua kwa moyo. Oktoba 2022, huko Tunda, Maniema, na Kole, Sankuru, wagonjwa wa mpox walianza kupewa dawa iitwayo tecovirimat, wengine wakipewa kidonge kitupu kisicho na dawa, bila wao kujua. Waliohusika walifika 597. Jaribio lilikuwa la taasisi ya utafiti wa tiba ya Kinshasa, INRB, pamoja na taasisi ya afya ya Marekani, chini ya mpango unaoitwa kwa Kiswahili Pamoja Tulinde Maisha. Kilichopimwa ni muda wa vidonda vya ngozi kupona. Agosti 2024 matokeo yalitangazwa: dawa haikufupisha muda huo kwa aina ya kirusi iliyoko huko. Waliomeza dawa na waliomeza kitupu walipona kwa mwendo mmoja.

Wengi waliishia hapo. Lakini ndani ya matokeo yale mlikuwa na jambo jingine. Vifo kati ya washiriki wote, waliopata dawa na wasiopata, vilikuwa asilimia 1.7, wakati kwa Kongo nzima vilikuwa asilimia 3.6 au zaidi. Washiriki wale walilazwa hospitali siku zisizopungua 14. Walilishwa vizuri. Maambukizi mengine yalitibiwa. Walikuwa na watu wa kuzungumza nao. Kila siku mtu aliyatazama madonda yao na kuandika. Aliyepewa kidonge kitupu alikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kuishi kuliko wagonjwa wengi wa nchi ile ile, kwa sababu alitazamwa.

Fikiri kama jaribio lile lisingekuwa na kundi la kidonge kitupu. Tungeona vifo vimepungua, tukaishukuru dawa, tukaifundisha mashine kwamba tecovirimat inaokoa. Mashine ingekubali, ingerudia kwa sauti ya uhakika, na chakula na uuguzi visingepata hata sifa ndogo. Ndiyo maana hata yale majedwali ya chunjua nayatazama kwa tahadhari: chunjua nyingi za watoto hupotea zenyewe ndani ya miaka miwili, dawa ikiwepo au isipokuwepo.

Tangu nimeyatafakari haya, kazi yangu imebadilika. Nina daftari la kawaida, jalada gumu, kwenye droo chini ya kaunta. Anayenunua dawa ya ngozi namwomba ruhusa, na akikubali naandika tarehe, dawa, inatibu nini, na namba ya simu. Asiyetaka simlazimishi, habari za afya ya mtu ni mali yake, na sheria ya Rwanda ya 2021 ya ulinzi wa data binafsi imelisema hilo wazi. Baada ya wiki tatu napiga simu. Nauliza mambo matatu: ulitumia vipi, umeonaje, na sasa ngozi ikoje. Majibu naandika kama yalivyosemwa.

Wengi hushangaa. “Nilidhani ukishauza umemaliza,” aliniambia mzee mmoja dereva wa malori ya Rusumo, kisha akanieleza kwamba aliacha kupaka siku ya tatu mwasho ulipotulia, akaanza tena ulipomrudia. Mwingine alimgawia dada yake nusu ya tyubu. Mama mmoja alikuwa akimpaka mtoto krimu kwenye mapunye ya kichwani, kwa bidii, kila siku. Mapunye hayasikii krimu, yanataka vidonge kwa wiki kadhaa, na bila simu ile angeendelea kupaka hadi tyubu iishe. Wapo waliopona kabisa na hawakuona haja ya kurudi kuniambia. Wapo ambao hawakupona, wakaenda duka jingine kimya kimya, na kama nisingepiga ningewahesabu miongoni mwa waliopona. Hili la mwisho ndilo lililonikaa rohoni. Kimya cha mgonjwa nilikuwa nikikisoma kama shukrani. Kila muuza dawa hukisoma hivyo, na kila daktari, kwa kuwa wanaorudi ni wachache na siku ni fupi.

Nimeanza kuiona tabia hii mahali pengi nje ya duka. Kanisani ushuhuda hutolewa na aliyepona. Husimama mbele, hushangiliwa, na ni haki yake. Aliyeombewa vile vile, kwa imani ile ile, na bado anaumwa, ameketi kwenye benchi akipiga makofi. Sijaona siku anayoitwa naye aseme hali yake. Wazee tunasuluhisha ndoa, tunakula pilau, tunaondoka, na baada ya mwaka tunawakumbuka wawili waliokaa pamoja, tunasema ushauri wetu ni mzuri. Mwalimu humkumbuka mwanafunzi aliyekuja kumshukuru. Mzazi humwambia mtoto wa pili afanye kama wa kwanza alivyofanya, kwa sababu kwa wa kwanza ilifaa. Sote tunaitumia ile programu ya mstari mmoja. Tunasema atapona, na mara nyingi tunapatia, na kwa kupatia huko tunazidi kujiamini, na wale 19 tunakutana nao barabarani tukawasalimia bila kuwauliza.

Mama yangu, Bukoba, hakusoma hesabu za namna hii. Jirani akiugua alikwenda kumjulia hali siku ya kwanza, kama kila mtu. Alikwenda tena siku ya tatu au ya nne, wakati wengine wameshasahau. Nilimfuata mara nyingi nikiwa mdogo, nikibeba kikapu. Safari ya kwanza nyumba ilijaa wageni, na mgonjwa alisema anaendelea vizuri, kwa adabu. Safari ya pili palikuwa hapana mtu, na hapo ndipo aliposema kweli: dawa inamtapisha, usiku halali, ameacha kuimeza. Mama alirudi akijua jambo ambalo kijiji kizima hakikujua.

Kuna wanaosema ufuatiliaji wa namna hiyo hauwezekani kwa watu wengi. Rwanda yenyewe imeonyesha unawezekana. Mwaka 2009 washauri wa afya wa vijiji walianza, kule Musanze, kuwafuatilia wajawazito na watoto wachanga kwa ujumbe mfupi wa simu za kawaida, mfumo wa RapidSMS, na baadaye ukaenea nchi nzima. Simu zilikuwa za batani. Kilichohitajika ni mtu anayejulikana kijijini, orodha ya majina, na wajibu wa kuuliza tena. Kama tuliweza kwa mimba, tunaweza kwa mtoto mwenye pumu ya ngozi anayejikuna hadi damu, na kwa mtu mzima mwenye soriasisi anayejificha ndani ya mikono mirefu wakati wa joto.

Kijana wa Bukavu ameniomba daftari langu. Nimemwambia bado ni dogo mno na limejaa maneno ya watu, na ruhusa walizonipa ni za kupigiwa simu, si za kuingizwa kwenye kompyuta. Akitaka, aje dukani akae nami, amwulize kila mmoja upya kwa ajili ya kazi yake, na asiyetaka aachwe. Amekubali. Ameanza kujifunza pia namna ya kuuliza kwa Kinyarwanda, kwa upole, swali gumu kuliko yote: kama haikukusaidia, niambie bila woga.

Kwa hiyo nina ombi kwako unayesoma. Ukipewa dawa ya ngozi, popote ulipo, Remera au Kariakoo au Goma, iandike tarehe uliyoanza, piga picha mahali penye mwanga wa mchana, na baada ya wiki tatu au nne piga nyingine mahali pale pale. Kisha mrudie aliyekupa dawa. Rudi hasa kama haikufanya kazi. Usimwonee haya na usimhamie mwingine kimya kimya, maana mgonjwa wa kesho mwenye ngozi kama yako anategemea jibu lako. Nawe mwenzangu unayeuza dawa au kutibu, ongeza safu moja kwenye daftari lako, na piga simu.